Aflatoksini B1 maabarani: kuinunua, kuiyeyusha, kuipima na kuiharibu

Anayepima mahindi hana budi kununua sumu ile ile anayoitafuta. Mashine haiwezi kusema kama gunia la soko la Nyamakima lina sehemu tano kwa bilioni au hamsini mpaka ionyeshwe kwanza aflatoksini halisi ya kiasi kinachojulikana. Ndiyo maana kila maabara ya Nairobi inayoshughulika na sumukuvu, iwe ya chuo kule Kabete au ya kiwanda cha unga Industrial Area, huwa na kichupa kidogo ndani ya friza. Kichupa cha miligramu moja hakijazi hata ncha ya kijiko, lakini kina sumu sawa na ile ya kilo 200 za mahindi yaliyofikia kikomo cha aflatoksini B1 nchini Kenya, yaani mikrogramu 5 kwa kilo. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya kilo tisini.

Mwongozo huu ni wa mafundi wa maabara na wanafunzi wa uzamili wanaoanza kuishika sumu hii kama kemikali safi. Wanaopima kwa vijiti vya haraka pekee watafaidika zaidi na sehemu za vumbi na masalio.

Aflatoksini hutolewa na kuvu wa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka katika kundi la 1, pamoja na vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu hauna shaka. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya huigeuza kuwa epoksidi, na epoksidi hiyo hujibandika kwenye guanini ya DNA. Badiliko la kodoni ya 249 ya jeni la p53, linaloonekana mara nyingi katika saratani za ini za maeneo yenye sumu hii, ndilo alama yake inayojulikana zaidi. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Makueni na Kitui. Hao walikula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Maabarani mambo ni tofauti: ni kiasi kidogo kinachoingia kwa pumzi au kwa vidole, mara kwa mara, bila harufu wala maumivu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika kliniki. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akipata aflatoksini, hatari hizo mbili huzidishana badala ya kujumlishwa tu. Pima virusi, kisha upate chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, pima kama kingamwili zimejitokeza. Mjamzito asishike unga wala myeyusho mkali wa aflatoksini hata kidogo, kwa sababu sumu hii hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Kununua: kidogo, na ikiwezekana tayari imeyeyushwa

Jiulize kwanza kama unaihitaji kabisa. Kama swali lako ni mahindi haya yanapita au hayapiti, vifaa vya ELISA, vinavyoitambua sumu kwa kingamwili, vinatosha. Vinakuja na myeyusho wake wa kulinganishia wa nanogramu chache, na hakuna unga utakaoushika. Kama unahitaji mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali na kuzipima moja moja, nunua aflatoksini iliyokwisha kuyeyushwa kwenye asetonitrili na yenye cheti cha ukolezi. Bei yake kwa kila mikrogramu ni kubwa kuliko ya unga, na msimamizi wa bajeti atalalamika. Mwache alalamike. Unga mkavu wa aflatoksini ni mwepesi, hushika umeme tuli, huruka kizibo kinapofunguliwa na kung'ang'ania glavu. Nairobi, miezi ya kiangazi ya Januari na Februari ndiyo mibaya zaidi kwa hilo kwa sababu hewa ni kavu.

Ikibidi kununua unga, chukua miligramu moja kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira kinachopenyeka kwa sindano. Wanafunzi hupenda kuagiza kumi kwa sababu bei kwa miligramu inashuka, na hesabu yenyewe inaonyesha ujinga huo. Kutia sumu makusudi kwenye gramu 25 za mahindi ili kujaribu kipimo chako, zifike mikrogramu 5 kwa kilo, kunahitaji nanogramu 125. Miligramu moja inatosha kufanya hivyo mara 8,000. Zile tisa nyingine zitakaa frizani mpaka uhitimu, kisha ziwe mzigo wa mtu ambaye hata jina lako halijui.

Kifurushi kinapofika kutoka uwanja wa ndege, kifungulie ndani ya kabati la kufyonza mvuke, si mezani kwa karani. Linganisha namba ya toleo na ile ya cheti, iandike kwenye daftari la sumu pamoja na tarehe na uzito, weka kichupa ndani ya kopo la plastiki lenye kitambaa cha kunyonya, kisha funga frizani kwa kufuli, nyuzi 20 chini ya sifuri. Friza hiyo isiwe na chakula cha mtu yeyote.

Andaa taka kabla ya kufungua kichupa

Ajali nyingi za aflatoksini hutokea baada ya kipimo kwisha: vyombo vinaoshwa, meza inapanguswa, mfuko unatupwa na mtu asiyejua kilichomo. Kwa hiyo usifungue chochote mpaka vyombo vya taka viwe mezani na vimeandikwa.

Chupa ya kioo yenye kifuniko ni ya viyeyushi: tolueni, asetonitrili, methanoli na maji ya HPLC. Beseni la dawa ya klorini ni la vyombo vya kioo. Mfuko mnene wa plastiki, ndani ya mwingine, ni wa glavu, ncha za pipeti na karatasi. Kisanduku kigumu ni cha sindano. Ndoo yenye kifuniko ni ya mahindi. Vitano, na visichanganywe hata siku moja, kwa sababu kuna mchanganyiko unaoweza kukuumiza haraka kuliko aflatoksini yenyewe.

Hatari kuu ni klorini kukutana na asidi. Vifaa vya ELISA huwa na myeyusho wa kusimamisha mmenyuko, na mara nyingi huo ni asidi. Ukimwaga sahani ya ELISA moja kwa moja kwenye beseni la Jik, inatoka gesi ya klorini. Tia kwanza magadi ya kuokea kwenye vishimo vya sahani mpaka povu liishe, ndipo uizamishe. Hatari ya pili ni klorini kukutana na kiasi kikubwa cha methanoli au asetonitrili: mchanganyiko hupata joto na kutoa mvuke wenye sumu. Viyeyushi viende kwenye chupa yake vikiwa peke yake, vichukuliwe na kuteketezwa kwenye tanuri la joto kali.

Autoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, si jibu. Inaua kuvu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki. Aflatoksini B1 haigeuki kimiminika mpaka nyuzi joto 268 hivi, na hiyo ndiyo sababu sufuria ya ugali pia haiiondoi.

Kabati, glavu na mengine ya mwilini

Kosa linalorudiwa sana ni kutumia kabati lisilofaa. Kabati linalopuliza hewa safi kumwelekea mfanyakazi, lile la kukuzia tishu za mimea, linalinda mmea na kukupulizia sumu usoni. Lile la kinga ya kibayolojia linalorudisha hewa chumbani baada ya kuichuja hunasa vumbi lakini huachia mvuke wa tolueni upite. Linalotakiwa ni kabati la kufyonza mvuke lenye bomba la kutoa hewa nje ya jengo, na kasi ya hewa mdomoni iwe karibu mita 0.5 kwa sekunde. Ipimwe kwa kifaa angalau mara moja kwa mwaka. Kila asubuhi, bandika kipande cha karatasi ya shashi kwenye ukingo wa kioo: kikivutwa ndani, endelea, kikining'inia tu, mwite fundi.

Tandaza karatasi ya kunyonya yenye plastiki upande wa chini, na ufanyie kila kitu ndani ya trei. Trei ikishika kilichomwagika, kazi ya kusafisha inakuwa ya dakika kumi badala ya asubuhi nzima.

Vaa glavu za naitrili jozi mbili, ya nje ikifunika mkono wa koti. Naitrili ni nzuri kwa unga na maji, lakini asetonitrili na tolueni huipenya ndani ya dakika chache. Tone likidondoka juu ya glavu usilipanguse na kuendelea. Vua ile ya nje hapo hapo na uvae nyingine. Hata bila tone, badilisha kila nusu saa. Anayeyeyusha aflatoksini kwenye kiyeyushi cha DMSO kwa ajili ya seli za majaribio awe mwangalifu mara mbili, kwani DMSO hupenya ngozi na kuingia na chochote kilichoyeyuka ndani yake. Miwani ya kinga ni lazima. Ncha za leso au hijabu ziingizwe ndani ya koti. Koti la chumba hiki halitoki kwenda kantini, na haliendi kufuliwa nyumbani pamoja na nguo za watoto.

Kuyeyusha bila mizani

Aflatoksini haipimwi kwa mizani. Huyeyushwa ndani ya kichupa chake, kisha ukolezi wake husomwa kwa mwanga. Kanuni hii hulinda mapafu yako na matokeo yako kwa pamoja, maana kichupa kilichoandikwa miligramu moja huwa na takriban miligramu moja, si kamili.

Kiyeyushi ni tolueni na asetonitrili kwa uwiano wa 9 kwa 1. Andaa mililita 150: tolueni 135, asetonitrili 15. Taratibu za zamani zilitumia benzini, ambayo nayo husababisha saratani, na leo hakuna sababu ya kuirudia.

1. Toa kichupa frizani na ukiache kimefungwa kwa nusu saa. Kichupa baridi kikifunguliwa huvuta unyevu wa hewa. Kisimamishe wima na usikigongegonge.

2. Weka tayari flaski ya kipimo ya mililita 100, ya kioo cha kahawia, iliyooshwa kwa asidi kama inavyoelezwa hapa chini.

3. Ingiza sindano fupi yenye kichujio kwenye kizibo cha mpira ili hewa ipate pa kutokea. Bila tundu hilo, shinikizo hupanda na sindano ikichomolewa inarusha ukungu.

4. Kwa sirinji ya kioo, ingiza mililita 2 za kiyeyushi polepole. Zungusha kichupa taratibu, kiinamishe ili kiyeyushi kiguse kizibo pia, kisha subiri dakika kumi. Unga mwingi hujificha chini ya kizibo, na hapo ndipo wengi hupoteza sehemu ya walichonunua.

5. Vuta myeyusho, uhamishie kwenye flaski. Rudia mara tatu au nne kwa mililita 2 kila mara. Mwishowe fungua kizibo ndani ya kabati, ukisuuze nacho.

6. Jaza mpaka alama, funga, pindua mara ishirini. Andika jina, kiyeyushi, tarehe, herufi za jina lako na onyo la saratani. Nafasi ya ukolezi iache wazi.

7. Usirudishe kifuniko cha sindano. Isuuze kwenye chupa ya taka ya viyeyushi na uitupe katika kisanduku chake.

Kama kichupa kina kifuniko cha kuzungusha tu, kifungulie ndani ya kabati, na kwa pipeti uteremshe kiyeyushi ukutani kwa ndani, tone kwa tone. Ukikimwaga kwa mkupuo, unga unapanda juu.

Kuhusu vioo: aflatoksini iliyo ndani ya maji au methanoli yenye maji hujibandika kwenye kioo cha kawaida, hasa kipya. Loweka vyombo kwa saa kadhaa katika asidi ya salfuriki ya moli 2 kwa lita, yaani karibu mililita 110 za asidi kali zikimiminwa polepole ndani ya maji, kisha ujazwe mpaka lita moja. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka karatasi ya pH ionyeshe hakuna asidi iliyobaki. Chupa iliyobaki na asidi ikiingia kwenye beseni la klorini, umerudi kwenye ile gesi.

Kusoma ukolezi wa kweli

Tumia kyuveti (kikombe kidogo cha kusomea mwanga) ya kwazi au kioo ya sentimita moja. Ya plastiki itayeyushwa na tolueni mbele ya macho yako. Sawazisha spektrofotomita kwa kiyeyushi kile kile, kisha soma kilele kilicho karibu na nanomita 350. Ukolezi kwa mikrogramu katika mililita ni: usomaji, mara 312, mara 1,000, gawanya kwa 19,300. Namba 312 ni uzito wa molekuli, na 19,300 ni kiwango cha kufyonza mwanga cha aflatoksini B1 katika mchanganyiko huu wa viyeyushi. Ukibadilisha kiyeyushi, namba hiyo hubadilika.

Mfano: usomaji ukiwa 0.618, ukolezi ni mikrogramu 9.99 kwa mililita. Ukipata 0.50, basi ni 8.08, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye chupa hata kama kichupa kilidai zaidi. Usomaji ulioshuka sana kwa kawaida una sababu moja kati ya mbili: unga ulibaki kwenye kizibo, au hukupindua flaski vya kutosha.

Funga flaski kwa foili, kwa sababu mwanga huiharibu, kisha ipime uzito na uandike namba hiyo kwenye lebo. Kila unapoitoa frizani, iache ifike joto la chumba na uipime tena kabla ya kuifungua. Uzito ukipungua, kiyeyushi kimevukiza na ukolezi umepanda. Hatua hii ya nusu dakika ndiyo inayoachwa zaidi, na baadaye watu hushangaa mahindi yote ya msimu mmoja kuonekana safi kuliko yalivyo.

Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hilo lina madhara mawili hapa. Pipeti za hewa zilizorekebishwa pwani au ng'ambo hutoa kidogo pungufu huku juu, kwa hiyo zirekebishwe hapa hapa kwa kupima uzito wa maji. Pia chupa za viyeyushi zilizofungwa mahali pa chini huwa na shinikizo ndani: zifungulie kabatini, taratibu, kizibo kikielekea mbali nawe.

Kufikia mahindi

Kwa myeyusho wa kazi, punguza akiba yako, yaani ule myeyusho wa flaski, ifike mikrogramu 1 kwa mililita. Kama akiba ni 10, chukua mililita 10 na ujaze mpaka 100 kwa kiyeyushi kile kile. Kutia sumu kwenye gramu 25 za unga wa mahindi: mikrolita 125 kwa mikrogramu 5 kwa kilo, mikrolita 250 kwa 10, ambacho ndicho kikomo cha Kenya cha aflatoksini zote kwa pamoja. Tandaza matone sehemu mbalimbali, acha kiyeyushi kikauke ndani ya kabati, gizani, kwa angalau nusu saa, kisha kamua kwa methanoli yenye maji kama utaratibu wako unavyosema. Kinachorudi kwenye kipimo kikiwa kati ya asilimia 70 na 110 ya ulichotia, kazi yako inakubalika.

Kikirudi chini ya hapo, angalia kwanza kioo kisichooshwa kwa asidi. Kisha angalia ukaushaji: nitrojeni ikipulizwa kwa nguvu au bafu ikizidi nyuzi 40 au 50, sumu huungua au hurushwa ukutani. Kwa wanaotumia safu zenye kingamwili za kunasa aflatoksini, sababu nyingine ni methanoli nyingi mno kwenye kinachopitishwa. Kingamwili hulewa na kuiachia aflatoksini ipite, kwa hiyo zimua kwa bafa kama mtengenezaji wa safu anavyotaka. Kikirudi juu ya asilimia 110, shuku yale mahindi yako safi. Mahindi yasiyo na aflatoksini kabisa ni adimu sokoni, na inabidi upime kadhaa kabla ya kuyapata.

Tolueni haifai kuingia kwenye HPLC ya kawaida. Kausha kiasi unachotaka kwa nitrojeni laini kwenye nyuzi 40, uyeyushe tena kwa methanoli na maji, na utengeneze ngazi zako za nanogramu 0.5, 1, 2, 5 na 10 kwa mililita. Kama unapima pia aina nyingine za aflatoksini, na B2 na G2 zinaonekana vizuri lakini B1 na G1 ni vivuli tu, usilaumu kichupa. Mwangaza wa hizo mbili hufifishwa na maji, na zinahitaji kugeuzwa kwanza kwa bromini, iodini au taa ya UV iliyofungwa baada ya safu ya HPLC. Wengi wameagiza sumu nyingine kwa sababu ya taa iliyoungua.

Vumbi la kusagia

Mahindi yaliyooza yanaweza kubeba aflatoksini mara mamia ya kikomo, na mashine ya kusagia huyageuza kuwa wingu. Hapa ndipo mfanyakazi wa kawaida wa maabara hupata sumu nyingi kuliko mtafiti mwenye kichupa chake. Sagia kwenye chumba tofauti chenye feni ya kutoa hewa nje, na uvae barakoa ya N95 au FFP2 iliyokaa vizuri usoni. Ile ya upasuaji haizuii vumbi hili, na ndevu huharibu hata iliyo nzuri. Ukimaliza, subiri dakika kumi vumbi litue kabla ya kufungua mashine. Usifagie kwa ufagio mkavu wala kupuliza kwa hewa ya kompresa. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha dawa ya klorini.

Kuosha na kuharibu

Dawa inayoharibu aflatoksini ni sodiamu haipokloraiti ya asilimia 1. Soma lebo ya Jik yako. Kama ni asilimia 3.5, changanya mililita 300 na maji mililita 750. Tengeneza siku hiyo hiyo. Chupa iliyokaa dirishani miezi kadhaa inaweza kuwa maji yenye harufu tu, kwa hiyo ijaribu kwa karatasi ya iodidi na wanga: isipogeuka buluu nzito, tupa.

Mwaga kiyeyushi kwenye chupa yake, suuza chombo kwa methanoli kidogo iende huko huko, acha kikauke kabatini, kisha kizamishe kwenye dawa kwa saa mbili. Baada ya hapo ongeza asetoni ifikie asilimia 5 ya jumla, yaani mililita 55 hivi kwa lita moja ya dawa, na usubiri nusu saa zaidi. Asetoni si pambo. Klorini ikiishambulia aflatoksini B1 huweza kuacha dikloridi yake, ambayo yenyewe hugeuza jeni, na asetoni ndiyo inayoivunja. Lakini fanya hivyo ndani ya kabati, maana asetoni na klorini hutoa klorofomu kidogo. Kisha osha kwa sabuni na maji kama kawaida.

Ikimwagika mezani: waambie wenzako, funika kwa karatasi ya kunyonya kutoka nje kwenda katikati, zizoe kwenye mfuko wa taka, kisha mwagia dawa ya asilimia 1, uiache dakika 10, na umalizie kwa maji yenye asetoni asilimia 5. Zima taa za chumba na upitishe taa ya UV ya nanomita 365 ukiwa na miwani inayozuia miale hiyo. Aflatoksini B1 hung'aa buluu hata ikiwa nanogramu chache. Karatasi nyeupe na sabuni za kufulia nazo hung'aa, kwa hiyo linganisha na sehemu ya meza ambayo haikuguswa.

Ikigusa ngozi, maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kiyeyushi kingeipeleka ndani zaidi. Ikiingia jichoni, maji tu kwa dakika 15. Ikimezwa au kuvutwa, mpeleke mtu hospitali pamoja na karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, kwa sababu daktari wa dharura huenda hajawahi kuiona na hakuna dawa maalumu ya kuibatilisha.

Stima ikipotea

Kabati likizimika katikati ya kazi, funika kilicho wazi, shusha kioo, vua glavu ya nje, toka na ufunge mlango. Jenereta ikiwaka, subiri feni izunguke dakika tano kabla ya kurudi. Weka tochi karibu na mlango, si ndani ya kabati. Kuyeyusha unga mchana wakati kuna tangazo la kukatwa umeme ni kujitafutia shida. Panga siku nyingine.

Mahindi yaliyobaki

Hili linasahauliwa mpaka mtu anapouliza mfuko uko wapi. Sampuli za kilo tano tano hubaki zimerundikwa nyuma ya mlango, na kwa mlinzi au mhudumu wa usafi hayo ni mahindi ya kuku. Kuku akilishwa, hudhoofika. Ng'ombe akilishwa, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa kama aflatoksini M1 na kumfikia mtoto anayekunywa chai ya maziwa. Kuyapeleka jalala la Dandora ni vilevile, maana yatafika mikononi mwa mtu.

Funga masalio kwenye chumba chenye kufuli. Yakishatoa matokeo na muda wa kuyahifadhi ukaisha, yaloweke kwenye maji yaliyotiwa rangi ya methilini buluu ili asiwepo atakayeyaona kama chakula, kisha yapelekwe kuteketezwa na msafirishaji mwenye leseni ya taka hatari ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Waeleze wahudumu wa usafi na walinzi kwa maneno ya kawaida kilichomo ndani ya mifuko hiyo. Lebo yenye fuvu bila maelezo haimzuii mtu mwenye kuku kumi nyumbani. Kwenye daftari andika kilo zilizotoka, tarehe, aliyezikabidhi, aliyezipokea na namba ya leseni yake, na ubandike karibu yake nakala ya cheti cha kuteketezwa kikirudi.